Kirusi Hakina Sufuria

Kinyozi alikuwa kwenye basi, anakwenda kwa dada yake kukaa "siku mbili tatu", begi la nguo mapajani, masikio yote kiti cha mbele. Huko mtafiti wa maabara alikuwa anamweleza mama aliyekaa naye: "Kirusi hakina chake, mama. Kikiingia kwenye seli kinatumia protini zetu, kama mgeni anayepikia sufuria za mwenyeji. Dawa yetu haikigusi chenyewe, inazifungia hizo sufuria."

"Ndivyo ninavyomfanyia shemeji yangu," mama akasema. "Alikuja na mswaki tu." Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na sufuria, rimoti na koki ya bomba. "Mwenyewe sijamgusa."

Mtafiti akakuna kichwa. "Na watoto wanapikiwa kwa sufuria gani?"

"Wanalala njaa. Kwani seli zako zinapikia nini?"

"Hapo ndipo tulipokwama. Tunatafuta sufuria ambayo mwenye nyumba haihitaji sana."

"Ukiipata nipigie simu."

Basi likasimama. Kinyozi akashuka, na dada yake alikuwa pale kituoni. "Karibu, mdogo wangu," akamwambia, na mkoba wake ukalia kama kabati la vyombo.