Msimamizi Asiyejua Kusema Basi

Wewe unayesoma hapo, ukiambiwa mwilini mwako kuna msimamizi asiyejua kusema "basi", utamwondoaje kitini? Usijibu haraka. Sisi hapa gogoni, Murusagamba, tulimaliza birika zima kwa swali hilo. Gogo ni la mkaratusi, limelala mbele ya saluni iliyofungwa tangu kinyozi ahamie Biharamulo. Mwenye birika ni Eustakia, muuza kahawa wetu, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa anarudi kazini baada ya wiki saba. Alitolewa uvimbe wa saratani titi la kushoto kwenye hospitali ya rufaa, akapewa karatasi na vidonge. Tulimpigia makofi mpaka mbuzi wakakimbia. Mimi naitwa Digrii, kwa sababu ninayo, ya biolojia, na haijawahi kuniletea hata barua ya kukataliwa.

Eustakia akanimiminia kikombe, kisha akaniwekea karatasi magotini.

— Haya Digrii, leo kahawa yako uifanyie kazi. Nisomee. Daktari alieleza vizuri, ila mimi nilikuwa nalia kwa furaha.

Finally! Kuna mtu ananihitaji.

— Mama, kila seli ya mwili wako ina kitabu kile kile. Ya jicho, ya kisigino, zote. Tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa. Wanaofungua na kufunga ni protini fulani. Chuoni tuliziita transcription factors, hapa tuziite wasimamizi.

— Yaani jicho langu lina ukurasa wa kisigino? akauliza Projestus, tunayemwita Waziri kwa kuwa amegombea uenyekiti wa kitongoji mara tatu na kushindwa mara tatu.

— Linao, umefungwa.

— Mungu ambariki aliyeufunga.

Eustakia akajishika ubavu.

— Msinichekeshe, bado kidonda!

Nikaendelea:

— Yuko msimamizi mmoja anayengoja homoni ya kike imshike mkono, ndipo afungue kurasa zake. Ulipokuwa msichana ndiye aliyesema matiti yaote. Akasema, yakaota, akanyamaza. Kazi safi kabisa. Sasa kwenye uvimbe wako ni huyo huyo, ila hanyamazi. Kua, kua, kua! Karatasi inasema hivyo.

Anatoli akaingilia. Tunamwita Panga, maana hata kanisani lake huliacha mlangoni.

— Hayo ni machipukizi ya mgomba! Shina unalibakizia mama, mtoto na mjukuu, mengine unafyeka. Dada, umeshafyekwa, imekwisha. Vidonge vya nini? Wape kuku.

Eustakia akatazama pindo la kitenge alikofunga vidonge vyake. Nikaona nusu yake inataka kumwamini Panga, ipumzike. Damu ikanichemka.

— Oya, Panga! Ukikata chipukizi juu juu, wiki ijayo inakuwaje?

— Linaota tena.

— Kwa hiyo unafanyaje?

— Nashuka chini nikatoe kile kiini…

Akalishusha panga lake chini.

— Endelea, my friend.

— Ego, ego, ni kweli. Usiwape kuku, dada.

— Mama, huenda kuna seli zimebaki, ndogo, hazionekani. Kidonge kinakwenda kukaa kwenye kiti cha msimamizi. Homoni ikija kumshika mkono inakuta pamekaliwa, inarudi ilikotoka. Ndiyo maana kila siku, miaka mitano. Ukiacha, kiti kinabaki wazi.

Waziri akasimama kama yuko jukwaani.

— Mimi napendekeza seli ziitishe mkutano, zimpigie kura!

— Wewe kura unazijulia wapi? Panga akamrukia.

— Na huu upara wangu, nani kafunga ukurasa? Waziri akaniuliza.

— Hapo umepatia, nikamwambia. Kuna msimamizi wa homoni ya kiume, mkono wake upo.

— Nilijua tu! Hata kichwani kwangu nimeibiwa!

Panga naye akapata wazo.

— Kwa hiyo akifunguliwa msimamizi wa mkia, mtu anaota mkia?

— Ulishakuwa nao, wiki chache, tumboni kwa mama yako. Amri ikatoka, ukaondolewa.

Waziri akaenda nyuma ya Panga, akainama, akakagua taratibu.

— Kwa huyu hawakumaliza kazi.

Eustakia alicheka mpaka machozi, na kidonda chake. Hapo ndipo akafika Bibi Secilia na mkungu wa ndizi wa kumpa pole mgonjwa.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba. Nimekisikia kicheko nikiwa mtoni, nikajua hapa hakuna mgonjwa.

— Bibi, nitameza kimoja kila siku, miaka mitano! Eustakia akafungua pindo kwa fahari.

Bibi akaigeuza karatasi ya vidonge kwenye mwanga, akahesabu kwa kidole.

— Humu viko tisa, mwanangu. Cha kumi utakipata wapi?

Mimi, mwenye digrii, nikatazama barabara. Hapa karibu havipo, Eustakia ameshauliza. Hospitali ya rufaa ni siku nzima, mchomoko, yaani gari dogo la abiria, halafu basi, na mvua ikinyesha hata mchomoko haupiti. Birika nalo likaishia hapo.

Sasa ninyi mnaohusika na dawa, barua hii nimeiandika nyuma ya nakala ya cheti changu. Angalau nacho kimepata kazi. Tumetia sahihi wote, Waziri ametia mara tatu. Msituletee semina. Msituletee bango lenye utepe wa rangi ya waridi. Msimamizi tunamjua, na kiti chake tunakijua. Eustakia amemeza cha leo mbele yetu, vimebaki vinane. Leteni cha kumi, huku huku Murusagamba, kabla kiti hakijawa wazi.