Namba Iliyotumwa kwa Mzee Kebo

Kijiwe chetu kipo ubavuni mwa kibanda cha kinyozi: benchi moja refu, birika la kahawa, na makopo mawili ya rangi ya kukalia wanaochelewa. Jioni ile Waya, fundi wa mtandao katika ofisi ya ghorofa ng'ambo ya barabara, alikuja kimya, akashika kikombe bila kunywa. Kinyozi akamchokoza.

— Mbona umenuna hivyo, bwana?

— Nimebadilisha milango, Waya akasema. Tangu wezi waingie kwenye mitambo yetu, neno la siri peke yake halitoshi. Ukiliandika, mtambo unakuuliza: nikutumie namba? Ukikubali, inakuja kwenye simu yako. Bila hiyo namba, huingii.

— Makubwa! Dalali wa nyumba, aliyekalia kopo, akadakia. Enzi za Mzee Kebo si mlikuwa na neno moja tu?

— Moja, ofisi nzima. Alikuwa akitutajia kwa sauti kutoka juu ya ngazi: "Andikeni 'karibuni', wanangu!"

Tukacheka. Mzee Kebo ndiye aliyemfundisha Waya kazi, na alikuwa akikaa benchi hili hili. Ni mwaka sasa tangu tumzike.

— Siku hizo, Kinyozi akasema, ulipiga hodi, ukaulizwa nani, ukajibu "mimi". Ukafunguliwa. Sauti ilitosha.

Waya akazungusha kikombe.

— Jina lake lilikuwa bado limo mle. Leo nilitakiwa kulifuta. Nikaandika neno lake, mtambo ukauliza, nikutumie namba? Mkono ukabonyeza ndiyo. Ukajibu: imetumwa.

— Imetumwa wapi?

— Kwenye simu yake.

— Basi inaelea hewani, Dalali akasema. Ujumbe usio na mwenyewe huzunguka kwenye minara mpaka uchakae.

— Uzunguke wapi! Laini ya marehemu huuzwa upya, Kinyozi akapinga. Sasa hivi kuna mtu anafua nguo zake huko, hajui kwamba ameshakuwa bosi wa mtandao.

— Akibonyeza tu, umeme wa mji mzima umo kiganjani mwake!

— Na ndege je? Zitatua vipi?

— Haingii mtu, Waya akasema. Nilisubiri kidogo, kisha nikalifuta jina. Nilijua hatajibu. Nilitaka tu kumtumia.

Hapo akaja binti wa Mzee Kebo, fundi cherehani wa duka la jirani, futikamba shingoni, mkononi simu kuukuu iliyofungwa kwa mpira.

— Hamjambo, kaka zangu. Hii ya baba huwa naichaji nisikilize sauti yake iliyorekodiwa humo. Haikuwa imeingia ujumbe wowote tangu afariki. Leo mchana imelia. Namba tupu, hakuna salamu. Nikasema nyinyi ndio watu wake.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Nani anamtafuta baba?

Kinyozi akamsogezea nafasi kwenye benchi. Waya akammiminia kahawa.