Syombua Mutinda: Fundi Aliyekataa Kuiharakisha Gundi

Baada ya miaka ishirini na tisa katika karakana yetu ya vioo hapa Machakos, Bi. Syombua Mutinda anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Wasimamizi waliomba makala haya yasiguse mambo ya mwaka 2021. Yatayagusa.

Alikuja mwaka 1996 kutoka Mlolongo, alikokuwa akikata vioo vya madirisha. Alianza kwa kusugua lenzi za darubini za shule, akapanda hadi kuwa mkuu wa chumba cha kuunganisha. Chumbani mwake huingii na viatu vya nje, uwe nani. Mgeni rasmi mmoja alitokea gazetini akiwa na soksi iliyotoboka kidoleni.

Kisha, mwaka 2021, ikaja kazi ya darubini ya angani: vipande saba vya kioo, viunganishwe viwe kioo kimoja. Muda ulibana, na meneja wetu wa wakati huo akaamuru gundi ikaushwe kwa joto. Bi. Syombua akakataa. Gundi ikikaushwa haraka husinyaa na kuvuta kioo, na katika baridi ya angani picha ingeharibika.

"Mkitaka sahihi yangu, nipeni wiki tatu," alisema. "La sivyo, tafuteni mkono mwingine."

Mkono uliopatikana ulikuwa wangu. Yeye alihamishiwa stoo, akapanga masanduku miezi minne. Kila asubuhi alinisalimia kama kawaida, na salamu hizo zilinichoma kuliko matusi.

Tulipokiweka kioo kwenye chumba cha baridi na kukimulika, badala ya nukta moja ya mwanga tuliona saba. Meneja akamwita. Alikubali kurudi kwa sharti kwamba asisimamiwe na mtu anayetazama saa. Alivibandua vipande vyote, akaviunganisha upya, akaiacha gundi ikauke yenyewe. Katika jaribio la pili, zile nukta saba zilisogeleana zikawa moja. Watu walipiga makofi. Yeye alinisukumia karatasi ya kuidhinisha kioo.

"Muema, sasa weka sahihi."

Darubini hiyo iko angani, mwaka wa pili huu, na inaona vizuri. Bi. Syombua hajawahi kuombwa radhi kwa maandishi. Haya ndiyo maandishi. Nisamehe.

Asante kwa yote, Bi. Syombua. Nenda Matuu ukapumzike na wajukuu. Tunakutakia afya njema, miaka mingi, na ukaidi wako usipungue hata kidogo.

Muema Kitonga, chumba cha kuunganisha