Kivuli Kimehama

Macho hayana pazia, na siku ile fundi cherehani aligundua kuwa masikio nayo hayana mlango. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya treni, mlinzi wa ghala alikuwa akimsimulia abiria mwenzake, mama mpishi wa shule, jinsi mbwa wake alivyoponea chupuchupu.

"Asubuhi nilimfunga kivulini, dada yangu. Narudi saa saba, kivuli kimehama, mbwa yuko juani anahema, miguu haimbebi. Nikammwagia maji tumboni na kwenye nyayo, nikambeba mbiombio kwa daktari wa mifugo."

"Pole, kaka. Lakini mbwa ni mbwa. Wangu nimemfunga kando ya ukuta, amezoea. Na maji nimemwekea."

"Kamba inafika kwenye maji?"

Mama akatoa simu mkobani. Fundi naye, asiyefuga hata kuku, akaacha kutafuna karanga zake.

"Mume wangu yupo nyumbani," mama akasema hatimaye.

"Atamwangalia?"

"Yule? Chai inakauka jikoni na yeye kakaa hapohapo." Akapiga simu mara mbili, haikupokelewa. "Usinitie presha, kaka! Miaka sita namfunga palepale."

"Na mimi wangu minane."

Treni ikasimama. Mama alikuwa bado na vituo vinne mbele, lakini alishakwapua mkoba wake.

"Mbwa ni mbwa tu, nakwambia!" alifoka, huku akishuka mbio kuiwahi treni ya kurudi.