Enoch Pettingell, Aliyevusha Barua za Bunge

Ndugu, majirani na mabaharia mlioacha shughuli zenu katika baridi hii, familia imenituma mimi, shemeji yake, niwasomee maisha ya mpendwa wetu Enoch Pettingell.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1748 hapa Newbury, Massachusetts, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Silas, fundi mapipa, na Bibi Dorcas. Alifundishwa kusoma na mjane wa jirani, kisha akasoma shule ya mji hadi mwaka 1762, alipoajiriwa ukarani na mwenye meli mmoja.

Tarehe 3 Novemba 1774 alifunga ndoa na dada yangu Thankful, wakajaliwa watoto watatu, Lois, Jotham na Submit, ambaye alitangulia mbele za haki akiwa mchanga.

Vita vyetu vya uhuru dhidi ya Waingereza vilipopamba moto, Bunge la majimbo yetu lilimpa kazi ya kuvusha barua kwenda kwa wajumbe wetu Ufaransa na kurudi na majibu, kwa amri kwamba adui akikaribia, mfuko wa barua, uliotiwa vipande vya risasi ili uwe mzito, uzamishwe. Mwezi Mei 1779, akirudi kutoka bandari ya Nantes, Ufaransa, manowari ya Kiingereza iliiandama meli yao, naye akautupa mfuko baharini, na humo zilikuwamo pia barua za vijana wetu waliofungwa Uingereza, alizozitia pamoja na za wakubwa kwa kuwa mfuko ule haukupenya maji, ili zisilowe. Alikamatwa, akakaa kifungoni Halifax hadi mwaka uliofuata.

Aliporudi hakungoja kuulizwa, alipita nyumba kwa nyumba akiwaeleza jamaa za vijana hao, mpaka akafika kwa Mama Mehitabel Noyes, ambaye mwanawe Amos alifia gerezani baada ya kuandika. Mama alimuuliza, "We Enoch, na hizo za wakubwa zimepotea?" Akajibu, "Hapana mama, zile huandikwa nakala tatu, kila moja na meli yake." Mama akasema, "Ya Amos ilikuwa moja," akafunga mlango.

Tangu hapo marehemu hakubeba barua ya mtu yeyote bila kwanza kuomba ruhusa, kuinakili kwa mkono wake na kuipeleka nakala kwa meli nyingine, na wasiojua kuandika waliketi jikoni kwake wakimwambia, "Andika ng'ombe kazaa, na baba bado mkali vilevile," naye akaandika hivyohivyo. Mama Noyes hakumsalimia tena mpaka alipofariki mwaka 1793, wala marehemu hakumlaumu.

Alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Oktoba mwaka jana, akatibiwa nyumbani, hali ikawa leo nafuu kesho mbaya, hadi Jumamosi tarehe 17 Januari 1801, saa nne asubuhi, alipoaga dunia. Dada yangu alipoambiwa alisema, "Haya," akaendelea kukunja shuka, na mpaka sasa hajalia, tafadhali msimshangae wala msimlazimishe.

Familia inamshukuru Daktari Plumer aliyekuja hata theluji ilipoziba njia, majirani walioleta kuni na chakula, na wenzake wa bandarini waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda. Nyumbani kuna mkate na supu, karibuni.

Ameacha mjane, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Shemeji, mimi sina zaidi. Pumzika kwa amani.