Dakika Nne za Malachy Durkan wa Carrowmoyle

Mheshimiwa Padre, jamaa wa ukoo wa Durkan na wa ukoo wa Gaughan, majirani wa Carrowmoyle, nanyi wachezaji wa zamani mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, kwa heshima na kwa huzuni ninasimama mbele yenu, kwa niaba ya familia, kuwasomea maisha ya mjomba wangu, marehemu Malachy Durkan.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, katika nyumba ya barabara ya mtoni hapa Carrowmoyle, jimbo la Mayo, mtoto wa nne wa mzee Anthony na mama Delia, akasoma kwa Mabruda hadi mwaka 1964, na mwaka huohuo akafukuzwa katika timu ya parokia ya mpira wa Kigaeli, ule wa jadi wa Ireland, kwa kosa la kuonekana akicheza soka, mchezo ulioitwa wa kigeni, na baba yake, aliyekuwa mweka hazina wa timu hiyo, hakwenda kumtazama uwanjani hata mara moja mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1965 alipanda meli kwenda Uingereza, akaichezea klabu moja ya daraja la pili, beki wa kushoto asiyesifiwa wala kulaumiwa, hadi goti lilipomsaliti mwaka 1978. Vuli ya mwaka 1972 aliitwa timu ya taifa ya Ireland, uwanja wa Dalymount, Dublin, akaambiwa aingie zikiwa zimebaki dakika chache, akavua koti, akasimama mstarini kungoja mpira utoke nje, mpira usitoke, na filimbi ya mwisho ikalia akiwa amesimama palepale. Kofia ya taifa, ile ya heshima ya mchezaji, hupewa aliyekanyaga nyasi, naye hakukanyaga, wala hakuitwa tena.

Tarehe 20 Julai 1974 alifunga ndoa na Attracta Gaughan, muuguzi, wakajaliwa watoto wawili, Gráinne na Eunan, na mwaka 1981 akakabidhiwa ukocha wa Carrowmoyle Rovers, klabu ambayo, zaidi yake, mji huu haukuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1985, mechi ya mwisho ya msimu, Rovers walihitaji sare tu wasishuke daraja, na zikiwa zimebaki dakika nne walikuwa wakiongoza kwa mabao matatu. Kwenye benchi, kwa sababu ya majeruhi, alikaa Festy Munnelly, mwoka mikate, aliyefungiwa kucheza kwa kadi alizopewa katika timu ya akiba na kuvalishwa jezi ili benchi lisionekane tupu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, msimu wake wa mwisho, mkewe na bintiye wakiwa jukwaani, naye hajawahi kuichezea timu ya kwanza hata dakika moja.

"Vua koti, Festy," marehemu akasema.

"Bosi, mimi si nimefungiwa?"

"Dakika nne tu, bwana. Nani atakutazama wewe, na hilo tumbo la mikate?"

Festy akaingia, akaugusa mpira mara mbili, mkewe akasimama akapunga kitambaa, na katika jukwaa hilohilo alikuwepo mtu wa klabu iliyokuwa ikishuka badala yetu, aliyemtazama. Mtu huyo akashtaki, wakuu wa ligi wakafuta matokeo, Rovers wakashuka, mwaka 1988 klabu ikafungwa, na uwanja wake leo ni maegesho ya duka kubwa.

Mbele ya kamati marehemu alisema neno moja tu, kwamba alisahau kuwa Festy amefungiwa, akamkataza Festy kufungua mdomo. Hakufundisha timu nyingine tena. Aliendesha lori la kiwanda cha maziwa hadi alipostaafu mwaka 2013, na buchani mama mmoja hakuchoka kumwambia, "Malachy, leo umekumbuka suruali?", naye akilipia soseji zake, akimjibu, "Nimekumbuka, mama, tazama," watu wakicheka, na nyumbani akikaa ndani ya lori dakika nyingi kabla ya kushuka.

Mwezi Machi 2018 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, akatibiwa Galway, kisha akahamishiwa nyumba ya wagonjwa mahututi, ambako Festy alimtembelea kila Alhamisi akiwa na mkate, na Alhamisi ya mwisho akamuuliza, kama siku ile ingerudi, angefanyaje.

"Ningekuacha umekaa," marehemu akasema.

"Hata ukijua mke wangu anatazama?"

"Hata hivyo, Festy. Ningekuacha umekaa."

Alifariki Jumapili, tarehe 3 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akimshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mlioleta supu, mikate na viti, na wenzake wa kiwanda cha maziwa mnaoongoza magari nje mvuani. Malachy, pumzika sasa, amani uliyoikosa kwetu uipate huko.

Maneno yale ya Alhamisi ya mwisho hatukuyasikia sisi wa nyumbani. Niliyaandika mwanzo kwa kuyalainisha, nikamsomea aliyenisimulia, jana, jikoni kwa mkaza mjomba Attracta, akaniambia, "Soma alivyosema, kijana, usimpake sukari," na ndiye atakayetangulia kulibeba jeneza kwa bega la kushoto: Festy Munnelly.