Mama Aristides na Kidonge cha Gladness

Wapendwa waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, Salvina Wenseslaus Kavishe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Mamsera, Rombo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Kornel. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mamsera kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na walimu wake walilalamika kwamba akili anayo, ila kwenye dawati hakai.

Mwaka 1978 alijifunza ushonaji, akafungua chumba cha cherehani sokoni Mkuu, akashona sare za shule maisha yake yote, na wengi mliokaa hapa mlipimwa naye, mkagongwa begani na kuambiwa msimame wima. Tarehe 5 Mei 1984 alifunga ndoa takatifu na mzee wetu Wenseslaus, wakajaliwa watoto wawili, Aristides aliyezaliwa mwaka 1986, na Gladness aliyezaliwa tarehe 20 Septemba 1991, ambaye ameruhusu mwenyewe haya yanayofuata yasomwe.

Saratani ya matiti ilimchukua mama mzazi wa marehemu mwaka 1988, ikamchukua dada yake Theodora mwaka 2003, na mwaka 2009 marehemu mwenyewe alijipapasa akakuta uvimbe, akapasuliwa, titi moja likaondolewa, akatibiwa, akapona. Mwili ulipona, roho haikupona, maana hofu yake yote ilihamia kwa binti yake, na tangu hapo hakutulia.

Mwaka 2022 Gladness, ambaye ni mwalimu na anaishi Soweto, Moshi, pamoja na mumewe Godlove na binti yao, alielezwa na daktari kwamba kwa historia ya ukoo wake yuko kwenye hatari kubwa kuliko wanawake wengine, na kwamba ipo dawa, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, inayopunguza hatari hiyo ingawa haiiondoi, ina maudhi yake, haimezwi na mwenye mimba, na kumeza au kutomeza ni uamuzi wake mwenyewe. Marehemu alisikia yote isipokuwa hilo la mwisho. Kila jioni alipiga simu, binti akisema, "Shikamoo mama," anajibiwa, "Marahaba, umemeza?" Majirani walipomshangaa kwa kumlisha dawa mtu mzima wa afya, aliwajibu kwa ukali kwamba anayesubiri kuumwa ndipo ameze, huyo amekwisha kuchelewa.

Mapema mwaka 2024 Gladness, akitaka mtoto wa pili, na akiwa amechoka kuamka amelowa jasho kwa joto la ile dawa, aliiacha kwa ushauri wa daktari, akasubiri muda alioelekezwa, akaendelea na vipimo vyake, lakini kila jioni alijibu kwamba amemeza, kwa sababu alimpenda mama yake na pia alimwogopa. Februari 2025 marehemu alifika Soweto bila taarifa, na mkungu wa ndizi, akamkuta binti ana mimba isiyofichika tena, akautua mkungu mlangoni, akaondoka bila kunywa hata chai, na huku kwetu mnajua hilo si jambo dogo.

Kesho yake alikwenda kwa daktari wa Gladness kumshtaki binti yake. Daktari alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno, akamwambia kwamba habari za Gladness ataziuliza kwa Gladness, kisha, kwa kuwa alimwona anahema, akampima presha, akaikuta juu sana, akamuuliza dawa zake anazimezaje. Hapo mama alikiri kwamba alikuwa ameandikiwa dawa za presha tangu mwaka 2018, na aliziacha kitambo kwa sababu kichwa kilikuwa hakimuumi.

Alitoka pale moja kwa moja hadi Soweto, akaketi jikoni, safari hii akanywa chai, akasema, "Mwanangu, nimekuandama na kidonge chako kama polisi, changu nimekiacha kabatini kwa kuwa najisikia mzima. Sasa mkaidi nani hapa?" Gladness alicheka huku analia, nao wakapatana, ingawa simu za jioni hazikukoma.

Tarehe 2 Julai 2025 alizaliwa mjukuu wa kike, akapewa jina la Salvina, kwa kuwa kwa desturi yetu binti wa pili huitwa jina la bibi mzaa mama, na bibi yake alimpokea kwa vigelegele, kisha akamwangalia muda mrefu, akasema, "Wa kike tena, Mungu wangu."

Dawa alikuwa amezirudia, lakini presha ilikuwa imemharibu kwa miaka, na tarehe 9 Novemba 2025 alianguka akiwa kwenye cherehani, akakimbizwa hospitali mjini Moshi, ikaonekana amepata kiharusi. Siku ya pili yake, ulimi ukiwa mzito, alimvuta Gladness karibu, na Gladness alijua ataulizwa nini, lakini mama alisema, "Utaamua wewe." Alifariki tarehe 12 Novemba 2025, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mamsera, mafundi wenzake wa Mkuu, na walimu wanaofundisha na Gladness. Gladness bado ananyonyesha, na kama atakirudia kile kidonge au la hajaamua, hivyo tunawaomba, mnapokwenda kumpa pole, msimuulize, kwa kuwa mwenye haki ya kumuuliza aliiacha kwa hiari yake, na waliomfahamu wanajua ilimgharimu kiasi gani. Mama Aristides, umetuhangaikia vya kutosha, yaliyobaki tuachie sisi, upumzike kwa amani.